Banda la ndama linachoma macho asubuhi, nifunge feni?

Mchungazizi: Habari wakuu. Banda ni mita 6 kwa 10, urefu kama mita 3, ndama 12 wa wiki 2 hadi 8. Madirisha tunafunga usiku kwa sababu ya baridi. Asubuhi harufu ya mkojo inachoma macho, matone yananing'inia chini ya mabati, na watatu wanakohoa. Nifunge feni?

Fundi Boma: Feni iache kwanza, mkuu. Matone hayo ni unyevu uliokosa pa kutokea. Toa kofia ya paa, lile bati la kileleni, uache uwazi wa sentimita 5 kwa kila mita 3 za upana, yaani 10 kwako, kisha sentimita 5 juu ya kila ukuta mrefu, chini ya ukingo wa paa. Rudishia kofia ikiwa imeinuliwa, mvua isiingie.

Daktari wa Zizi: Hao watatu wapime joto leo, likizidi 39.5 muite mtaalamu wa mifugo, hewa safi peke yake haitibu nimonia. Hiyo harufu ni amonia, inazalika mkojo ukichanganyika na kinyesi, na inaharibu vinyweleo vinavyosafisha njia ya hewa. Usiipime ukiwa umesimama! Chuchumaa ndani ya kizimba, pua iwe usawa wa pua ya ndama. Halafu piga magoti kwenye malalo, hesabu hadi 20. Magoti yakilowa, badilisha nyasi. Na ndama watolewe nje wakati wa kuzoa, maana ukichokonoa samadi amonia inafumka.

Mchungazizi: Asanteni. Ila nikiacha wazi usiku si wataganda?

Daktari wa Zizi: Ndama mchanga huanza kuhisi baridi chini ya nyuzi 15 hivi. Dawa yake ni nyasi kavu nyingi, akilala miguu isionekane, na maziwa zaidi. Kati ya ndama na ndama weka ubao mzima. Mbele na nyuma wavu. Ukiziba pande zote nne vijidudu vinabaki humo humo.

Fundi Boma: Usiku usio na upepo uwazi wa paa hausaidii sana, kwani joto la ndama ni dogo mno kusukuma hewa juu. Hapo ndipo feni inapofaa, lakini iwe ya kuingiza hewa ya nje kupitia bomba la plastiki lenye matundu, lililoning'inizwa juu. Banda lako ni mita za ujazo 180. Kubadilisha hewa mara 4 kwa saa ni 720. Feni ya kuzungusha hewa ile ile chafu ni hasara tupu.