Naomba ushauri: kebo za breki za mbele za Bugatti Type 35

Jambo yenu bandugu. Niko Lubumbashi, natengeneza mfano mdogo wa Bugatti Type 35, gari la mashindano la 1924, kwa kipimo cha 1/8, yote kwa mkono, waya za shaba na alimini ya sufuria kuukuu. Ekseli ya mbele nimeshaielewa, ile yenye tundu za mraba springi inapita ndani yake, kazi safi sana ile, na rimu za spoku nane bapa zilizoungana na ngoma ya breki. Nimekwama kwenye kebo za breki, picha zote nilizopata zimepigwa kwa ubavu, na mafundi wa garaji niliowauliza wanajua breki za mafuta tu. Je, kebo ya mbele inapita wapi ili gurudumu likikata kona isivutike? Mwenye picha ya chini ya gari anitumie tafadhali.