Naomba ushauri: mabeki watano nyuma hawatoshi tena, nifanye nini?

Kocha wa Mwanga
Habari za jioni, wanajukwaa. Ninafundisha timu ya mtaa hapa Mwanga, Kigoma, na kwa miaka sita nimetumia mfumo mmoja: mabeki watano, viungo wanne mbele yao, na mshambuliaji mmoja wa kukimbilia mipira mirefu. Wapinzani walikuwa wakichoka kutugongea mlango, nasi tukawamaliza mwishoni. Msimu huu tunakutana na vijana waliolelewa na mpira wa Ulaya kwenye vibanda umiza, ambao wanakabia juu, yaani wanatubana karibu na goli letu. Kipa wangu akitenga mpira, washambuliaji watatu wameshasimama kwenye ukingo wa boksi. Jumamosi tulibutua mara tano mfululizo, na mara zote mpira ulirudi kabla mabeki hawajapiga hatua kumi kutoka golini. Mara ya tano ulirudi ukaingia wavuni. Wachezaji wangu wanataka nasi tushambulie, lakini nusu yao ni wavuvi wa dagaa wanaofika uwanjani wakiwa wamekesha ziwani. Je, niuache mfumo wangu?

Beki Mstaafu, Ujiji
Pole, ndugu kocha. Yaliyokupata yaliwapata wakubwa kabla yako. Inter ya Italia, chini ya kocha Helenio Herrera, ilitwaa Kombe la Ulaya la vilabu mwaka 1964 na 1965 kwa ulinzi uliosifiwa kila mahali, lakini katika fainali ya 1967 kule Lisbon ilipata bao la penalti mapema, ikarudi nyuma kulilinda, na Celtic ya Scotland ikaiandama mpaka ikashinda 2-1. Katika fainali ya 1972 Ajax ya Uholanzi ikaifunga tena Inter 2-0, yote mawili ya Johan Cruyff. Mabeki hawakuwa wachache; tatizo ni kwamba kila mpira waliouondoa uliangukia miguuni mwa adui.

Kiungo wa Tabora
Kwa heshima zote, mzee wangu, historia hiyo isimfanye kocha avunje ukuta wake. Morocco ilifika nusu fainali ya Kombe la Dunia la 2022 ikiwa imeruhusu bao moja tu, tena la kujifunga. Ilijilinda kwa wingi, ila viungo wake Amrabat na Ounahi wakiupata mpira walitoka nao chini badala ya kuubutua. Kocha, tangu 2019 beki anaruhusiwa kupokea goli kiki akiwa ndani ya boksi. Watenge mabeki wawili huku na huku ya kipa, na namba sita, kiungo mkabaji, ashuke katikati yao. Wale washambuliaji watatu wakiwafuata, nyuma yao kutakuwa na nafasi ambayo winga wako ataiingia. Sharti ni moja, kwamba mabeki wengine wapande pamoja na mpira, kwa sababu pengo la mita arobaini kati yao na mshambuliaji ndilo linalowarudishia wapinzani kila mnachobutua.

Kocha wa Mwanga
Nimekuelewa, na namba sita wangu anaweza. Lakini kupanda na kushuka kunahitaji miguu iliyolala.

Mama wa Kibirizi
Wanangu, mimi ninanunua dagaa, sifahamu sana mambo ya mfumo. Ninachofahamu ni kwamba mbalamwezi ikiwa kali taa za wavuvi hazivuti dagaa, kwa hiyo maboti hubaki ufukweni na vijana hulala majumbani. Kocha, unapanga kikosi bila kutazama mwezi?

Kocha wa Mwanga
Shikamoo, mama. Nimecheka, kisha nikachukua kalenda. Mechi ijayo inaangukia siku za giza, hivyo nitabaki na watano, namba sita ashuke kupokea, na tutakabia juu kwa robo saa ya kwanza tu. Ile ya marudiano iko siku mbili baada ya mwezi mpevu. Hiyo tutaianza na mabeki wanne.

Beki Mstaafu, Ujiji
Wa tano umpeleke winga ya kushoto, kocha. Jumamosi nilikuwepo, na upande ule hapakuwa na mtu.