Eti mama yangu ndiye "ameuliza vibaya"! Yule bwana wa sistimu amenikosea adabu

Wakuu, natetemeka hadi chai nimeimwaga. Yule bwana wa sistimu mnamjua, simtaji. Mtwara mjini nzima ni yeye tu anayevaa koti la suti jua la saa saba.

Leo nimempeleka mama yangu mzazi kuulizia stakabadhi yake ya korosho. Karatasi anayo mkononi, imeloa jasho: 14/2023. Anaisoma, kijana wa kompyuta anaandika kwenye kisanduku cha kutafutia. Kioo chekundu! Makosa marefu kuliko barabara ya Masasi. Yule bwana akashusha miwani puani: "Mama, umeuliza vibaya."

UMEULIZA VIBAYA. Namba wamemwandikia wenyewe!

Mimi hizi kazi nazifanya. Wameweka Lucene, ile programu ya kutafuta maandishi, na kile kisomaji chake cha zamani cha maswali, hata hawakukigusa. Tangu toleo la 4.0 la mwaka 2012, kikiona mkwaju (/) kinadhani unaanza rejeksi, yaani kanuni ya kutafuta mpangilio wa herufi; usipoifunga kwa mkwaju mwingine, kinagoma. Mabano hujafunga, kinagoma. Nyota mwanzo wa neno, kinagoma. Sasa mama yangu wa miaka sabini aanze kupachika mkwaju nyuma (\) kabla ya mkwaju ili usomwe kama herufi ya kawaida?

Nikamwambia kwa shikamoo kabisa: mkuu, kipo kisomaji kinachogawana kazi. Mmoja anasoma maandishi anayapanga kwa matawi kama mti, wengine wanaupitia mti wakirekebisha, wa mwisho anajenga swali. Sarufi haikufai? Ing'oe, chomeka yako, wengine wanaendelea na kazi. Au weka kile chepesi, ambacho hakirushi kosa hata umwandikie matusi.

Hata hakunitazama. "Sawa, ila mama kauliza vibaya."

Mbele ya foleni nzima!

Pweza wa Shangani: Mkwaju mmoja umelaza sistimu nzima? Sisi Mikindani chini ya mkwaju ndiko tunakolala.

kangomba_mstaafu: Na huo mti anaoupanga ni mkorosho au?

Fundi Redio: Uzi wote huu kwa kimstari kimoja. Mkuu, na wewe umeuliza vibaya.

Mleta uzi: Usinianze.

Mama Ufuta, Lindi: Afadhali nyie mna namba. Mimi natafuta Ng'apa kwa simu, hakuna kitu. Kumbe simu inaweka kile kialama kilichopinda, wao kwenye daftari lao wameweka kilichonyooka. Nusu siku nimeambiwa kijiji hakipo, na nimezaliwa huko!

Fundi Redio: Hiyo ni ya kusawazisha herufi kabla ya kutafuta, mama. Kazi ya dakika tano.

Mama Ufuta, Lindi: Basi njoo uifanye, baba. Nauli yako.

kangomba_mstaafu: Tuache mambo ya miti. Salfa kwenu imefika?

Pweza wa Shangani: Salfa gani, mikorosho imeshatoa maua tunapuliza maombi.

Tandahimba kwetu: Nyie mnalia salfa, sisi hata maji ya kuchanganyia dawa tunanunua kwa dumu.

Mleta uzi: Jamani, na mama yangu?

kangomba_mstaafu: Kwani yeye salfa amepata?