Jina la ugonjwa wa akili: linasaidia au linaganda?

Juzi barazani kwetu mjini Unguja kulizuka ubishi. Kijana kapeleka posa, imerudishwa, kisa upande wa pili wamesikia aliwahi kulazwa Kidongo Chekundu, hospitali yetu ya wagonjwa wa akili. Hakuna aliyeuliza alilazwa kwa lipi wala miaka mingapi imepita.

Mie nasema jina la ugonjwa analokupa daktari ni gumu kulivua. Mtu akiambiwa ana shetani, kwetu shetani ana njia ya kutoka: husomewa, hupigiwa ngoma, hupewa anachokitaka, na mtu akarudi zake baharini kuvua. Akishaambiwa ana skizofrenia, ule ugonjwa wa kusikia na kuamini yasiyokuwepo, basi. Hata akidhulumiwa akakasirika, watu wanatazamana: huyu leo kameza dawa?

Na madaktari nao wameshapotoka. Mwaka 1851 Mmarekani mmoja, Samuel Cartwright, aliandika kuwa mtumwa anayetoroka ni mgonjwa, akaupa ugonjwa jina, drapetomania. Sisi ambao soko letu la watumwa la Mkunazini lilifungwa 1873 tunahitaji kuelezwa mtumwa anatoroka kwa nini? Japani mwaka 2002 waliamua kuibadilisha jina skizofrenia, maana lile la zamani lilikuwa kama kusema akili imepasuka, na watu wakiona haya hata kulitamka. Kwa hiyo majina si msahafu. Semeni na nyie.

*Jibu kutoka Wete:*

Kaka yangu, shetani wa mdogo wangu hakutoka. Miaka minne ya makombe na mafusho, karafuu za msimu mzima zimekwenda kwa waganga. Wa mwisho akasema kazi imefanywa na mke mwenziwe mama. Nyumba mbili za ndugu mpaka leo hazizikani.

Halafu daktari akatuambia ni baipola, ugonjwa wa mtu kuchangamka kupita kiasi, kisha akazama kwenye huzuni. Mama alilia, kisha akauliza, "Kwa hiyo si yule mwanamke?" Mie siku ile sitaisahau.

Jina lile ndilo lililotufundisha cha kuangalia. Akikesha siku mbili, akaanza kugawa fedha na kusema atanunua meli, tunamuwahi kabla hajafika mbali. Zamani tulikuwa tukifurahi kuwa kachangamka! Na "ana shetani" si jina hilo? Huyo kijana wenu angekuwa na shetani, mngemuoza?

*Mwenye mada:*

Hapo kwenye kuoza umenishika, dada. Tusingemuoza.

Na la mke mwenza sina jibu, nakubali waganga nao wanabandika, tena wanambandika asiyekuwepo. Ila bado nina swali moja. Mdogo wako akikaa miaka mitano mzima, jina lile nani atalitazama tena? Daktari wa mara ya pili husoma alichoandika wa mara ya kwanza, na mgonjwa hukutwa kashajulikana kabla hajafungua mdomo. Mie ningetaka kila baada ya muda aulizwe upya, kama mgeni.

*Wete:*

Tulikwenda kuuliza. Daktari hakulifuta, alipunguza dawa, akasema tusiziache. Yeye mwenyewe, mdogo wangu, ndiye aliyesema liachwe hapo hapo, maana siku akizidiwa hataki mtu aanze tena kumtafutia mchawi. Daftari la kliniki lipo kwenye sanduku la mama, chini ya kanga. Kuposa bado hajaposa.