Mrejesho: WhatsApp yangu iliyotekwa imerudi

Wakuu, habari zenu. Wiki mbili zilizopita niliomba ushauri baada ya kumtumia binamu yangu tarakimu 6 za msimbo wa kusajili WhatsApp zilizoingia kwangu kwa SMS. Kumbe hakuwa yeye, akaunti yake ilishatekwa. Dakika chache baadaye nikatolewa kwenye WhatsApp yangu, ndugu wakaanza kuombwa hela kwa jina langu.

Nilifanya mlivyonielekeza, nikajisajili upya kwa namba ileile. Msimbo ulikuja, lakini nikadaiwa PIN ya uthibitishaji wa hatua mbili ambayo sikuwahi kuiweka. Mwizi alishaiweka yeye, kwa hiyo nikalazimika kusubiri siku 7. Aliyenisisitiza niingize ule msimbo hata kama PIN siijui, Mungu ambariki sana, maana hatua hiyo peke yake ilimtoa mwizi palepale.

Shangazi alikuwa ameshatuma 50,000/=. Hazijarudi, na hilo linaniuma kuliko usumbufu wote nilioupata mimi. Namba iliyopokea nimeiripoti kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli hapa Tanzania, na polisi nimefungua jalada.

Sasa nimeweka PIN yangu na barua pepe ya kuirejeshea, nimekagua vifaa vilivyounganishwa. Kisha nikapiga *106# kuangalia laini zilizosajiliwa kwa namba yangu ya NIDA (kitambulisho cha taifa). Jamani, nimekuta moja nisiyoijua kabisa! Tafadhali na nyinyi piga leo, ni dakika moja tu. Kesho asubuhi naenda na kitambulisho changu ofisi za mtandao husika waifute.

Asanteni mno.