Rulema za toroli la mikate: grese, grafiti ao metali ya majimaji?

MkateMoto (Katuba)
Wakubwa, jambo. Tuko na bulanjeri ndogo hapa Katuba, Lubumbashi. Toroli linaloingiza mikate tanurini lina magurudumu manne, kila moja rulema mbili (wenzetu wa Nairobi wanaziita beringi). Tanuri linafika digrii 250. Napaka grese ya litiamu Jumatatu, Alhamisi imeshachuruzika yote, yamebaki masizi, na gurudumu linalia kama mwana-mbuzi. Kijana wangu kanionyesha video ya galiamu, ile metali inayoyeyuka mkononi. Anasema inalainisha na haiungui. Nifanye nini: grese ya bei kubwa, grafiti, ao hiyo galiamu?

Bulo13
Grese ya litiamu unaionea bure, Yaya. Karibu na digrii 190 inayeyuka na kudondoka, na kwa kazi ya kila siku haipendi kupita 130. Hata ukipaka kila asubuhi, unapaka sakafu.

RayonX
Mimi natengeneza mashine za radiografia (eksrei), na huko metali ya majimaji si hadithi. Ndani ya tubu ya skana kuna sahani ya tungsteni inayozunguka huku inapigwa elektroni. Pale zinapogonga joto linapita digrii 2,000. Tubu haina hewa, kwa hiyo mafuta yoyote yangegeuka mvuke na kuharibu kila kitu. Tubu nyingi zina rulema za gololi zilizopakwa fedha ao risasi. Lakini tangu 1989 Philips wana tubu isiyo na gololi kabisa: mhimili umechongwa mifereji ya mshazari, na kati yake na kikombe kuna utando wa aloi ya galiamu. Ukizunguka, mifereji inavuta metali ndani, chuma hakigusi chuma. Haina kelele. Na metali hiyo hiyo ndiyo inayopitisha umeme na kuondoa joto. Mafuta yangeshindwa yote mawili.

MkateMoto (Katuba)
Basi si ndiyo dawa yangu?

RayonX
Hapana, mukubwa. Kule hakuna hewa, kwako ipo. Galiamu ikikutana na hewa inavaa ngozi ya oksidi papo hapo, na gololi zikiikoroga inageuka uji wa kijivu. Halafu mnato wake ni kama mara mbili tu ya maji, kwa hiyo chini ya toroli lililojaa utando unakuwa mwembamba mno. Kwa digrii 250 inaanza kula hata chuma chenyewe.

Mikro_Kenya
Niko Kenya, komini ya hapa Lubumbashi, si nchi. Natengeneza kompyuta. Mwaka jana nilimtilia mteja pasta ya metali ya majimaji (yenye galiamu hiyo hiyo, ya kuondoa joto) kwenye prosesa. Tone dogo kama punje ya mchele likatoroka, likakaa juu ya radiata ya aliminiamu. Kesho yake palikuwa na doa kama majivu yaliyolowa. Nikalikwaruza kwa ukucha, kona nzima ikakatika kama biskuti. Radiata nililipa mimi. Yaya, magurudumu yako ni ya nini?

MkateMoto (Katuba)
Aliminiamu 😅

Bulo13
Basi mambo yameisha. Tena galiamu tupu inaganda chini ya digrii 29.8, na ikiganda inavimba. Asubuhi ya mwezi wa sita hapa Lubumbashi ungekuta rulema imeshikwa kama imechomelewa. Zipo aloi zisizoganda, galinstani inafika hadi digrii 19 chini ya sifuri, ila kula aliminiamu ni kulekule.

MamaKisu
Na zebaki je? Si nayo ni majimaji?

RayonX
Mama, mikate tunakula! Zamani taa kubwa za kuongozea meli zilielea juu ya zebaki, zikazunguka kwa kusukumwa kidole tu. Lakini mvuke wake ni sumu. Ndani ya tanuri hata tusiitaje.

Bulo13
Turudi kwenye toroli. Grese ya florini inavumilia karibu 250, yaani itakuwa mpakani kila siku. Ni ghali, na lazima uoshe grese yote ya zamani, hazichanganyiki. Mimi ningechukua rulema kavu za grafiti, zile za toroli za tanuri. Hazichuruziki juu ya mikate. Haziwezi mbio, lakini toroli lako linakimbia wapi? Omba zenye nafasi kubwa ya ndani, C4, maana pete zikipata moto zinatanuka na kubana gololi. Hizo zako zimeandikwa namba gani?

MkateMoto (Katuba)
Nimefungua moja sasa hivi. 6204 2RS. Pembeni kuna kitu cheusi kinakatika kikiguswa.

Bulo13
RS ni kifuniko cha mpira, Yaya. Kiliungua zamani, grese ikapata mlango. Tafuta 6204 ya grafiti yenye vifuniko vya bati.

MkateMoto (Katuba)
Sawa. Kesho nashuka mjini na hii mfukoni. Kijana nimemwambia video aifute.

Mikro_Kenya
Asiifute. Amwonyeshe mteja wangu.