Mjadala: Je, Ugiriki na Roma za kale ziliwaenzi kweli askari waliorudi na ulemavu?

Mleta mada: Wakuu, tukigusa majeruhi wa vita hakosi mtu wa kutuambia Athens ya kale iliwaenzi. Nabisha. Sheria ilikuwepo, ndiyo: mwandishi wa kale Plutarch anataja ile ya Pisistratus, mtawala wa Athens, kwamba waliolemazwa vitani watunzwe kwa fedha za umma. Ila kufikia zama za Aristotle posho ya mlemavu ni oboli 2 (sarafu ndogo za fedha) kwa siku, wakati raia anayekaa mahakamani kuamua kesi analipwa 3. Tena unakaguliwa kwanza na Baraza: mali yako isifike mina 3 (sawa na oboli 1,800), na mwili uwe hauwezi kazi. Lysias, mwandishi wa hotuba za mahakamani, ana hotuba ya mlemavu mmoja (huyu si wa vita) aliyeshtakiwa kuwa ni mzima, eti kaonekana juu ya farasi. Ikabidi aeleze kuwa farasi ni wa kuazima, angekuwa na pesa angepanda nyumbu wake. Hapo heshima iko wapi?

Mdau wa kwanza: Mkuu, oboli 2 si haba kwa maskini wa wakati ule. Halafu mbona umeiruka Roma? Askari Marcus Sergius alipoteza mkono wa kulia, akajitengenezea wa chuma, akarudi vitani, na mwaka 197 KK akawa praetor, yaani mmoja wa viongozi wa juu wa Roma.

Mleta mada: Malizia hadithi basi. Akiwa praetor, wenzake walitaka kumzuia asishiriki kutoa sadaka kwa sababu ya kilema chake. Mwandishi wa Kirumi Pliny ndiye anayetusimulia. Na Cicero, msemaji maarufu wa Roma, anamtaja Spurius Carvilius, aliyeona aibu kutoka nje akichechemea kwa jeraha alilolipata akiitumikia nchi, mpaka mama yake akamwambia atoke, kila hatua imkumbushe ushujaa wake. Mama wa shoka huyo! Lakini aibu aliitoa wapi kama mtaa ulikuwa unamsifu?

Mdau wa pili: Niongeze. Alexander Mkuu akikaribia Persepolis, mji wa wafalme wa Uajemi, alikutana na Wagiriki wapatao 800, kwa hesabu ya mwanahistoria Diodorus, waliokatwa mikono, miguu, masikio na pua na Waajemi. Akaahidi kuwarudisha kwao. Wakashauriana, wakakataa: makwao wangetawanyika na kusimangwa, bora wabaki pamoja wanaofanana. Akampa kila mmoja drakma 3,000 (drakma moja ni oboli 6), ng'ombe, kondoo 50 na ngano.

Mdau wa kwanza: Hao walikuwa mateka waliokatwa viungo na mabwana zao. Kovu la kifuani Roma mtu alilionyesha hadharani akiomba kura. Pua iliyokatwa ni habari nyingine kabisa.

Mleta mada: Sawa, kovu. Na mguu?